Mama Yetu Somo, na Ulimi Wake



Wengi wenu mnatujua kwa magauni. Mnatujua kwa shela ndefu, kwa kushona shanga usiku kucha siku ya mwisho, na kwa kuchelewa kidogo, msituone wabaya. Na wengi mlioolewa kwa mikono yetu mnamjua Mama yetu, maana huyo ndiye aliyewaweka ndani, akawasugua singo, akawafukiza udi, akawafunda. Somo wa mtaa mzima, na mitaa ya jirani.

Kwa mwaka na zaidi mmekuwa mkituuliza: somo yuko wapi? Mbona simu yake mnapokea nyinyi? Tulikuwa tunajibu "hajambo, amepumzika kidogo," na tunabadilisha mazungumzo. Yeye mwenyewe hakutaka isemwe. Mwezi uliopita alituandikia kwenye kidaftari chake: "Andikeni. Semeni kila kitu, isipokuwa umri wangu."

Basi umri wake hatusemi.

Mama alikuwa mlaji wa uraibu tangu ujana. Tambuu, popoo, katu, chokaa, na kipande cha tumbaku. Kijaluba chake cha fedha alirithi kwa mama yake, na hakuna biharusi aliyefundwa bila ya kukiona kimewekwa pembeni ya mkeka. Sisi hatukuona ubaya. Nani kwetu hakukulia na harufu ile? Baadaye ndipo tulipojua kwamba Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, limeshaiweka tambuu katika kundi la vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu, yenye tumbaku na isiyo na tumbaku, na popoo peke yake nayo imo. Tumeliandika hili mapema kwa makusudi, kwa sababu siku hizi tunawaona wasichana wadogo na vipakiti vya popoo tamutamu mikononi, wanatafuna kama peremende.

Kilianza kama kidonda upande wa kushoto wa ulimi. "Chokaa imenizidi," akasema. Kikakaa. Akaacha tambuu wiki mbili, hakikupona. Hapo tungelikwenda hospitali, tukaenda kwenye kisomo, miezi mitatu. Kisomo hatukijutii hata leo. Tunachojutia ni kwamba tulikifanya kisomo pahala pa hospitali, wakati vyote viwili vingekwenda pamoja na wala hakuna sheikh aliyetukataza. Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki tatu ni cha kuonyeshwa daktari, na sisi hilo hatukulijua.

Walipochukua kinyama na kukipima, ikawa saratani. Tukavuka kwenda Dar, Ocean Road, tukakaa kwa shangazi. Kabla ya mionzi walimng'oa meno matano mabovu, na sisi tukaona ni ukatili: mtu ana saratani nyinyi mnahangaika na meno! Kumbe mfupa wa taya ukishapigwa mionzi damu yake hupungua, na jino likija kung'olewa baadaye mfupa unaweza kukataa kupona, ukafa pale pale. Kwa hiyo meno mabaya hutolewa mwanzo. Na yule aliyekwisha kupigwa mionzi asiende kung'oa jino mtaani bila ya kumwambia daktari wa meno kwamba taya lake limepita kwenye mionzi. Shikeni hilo, wapenzi.

Mionzi yenyewe ilikuwa mara thelathini na tano, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki saba. Walimtengenezea kinyago cha plastiki chenye matundu, kimechukua sura yake kabisa, kinabanwa kwenye meza ili kichwa kisitikisike hata kidogo. Na kila wiki dawa ya mshipani. Wiki ya nne mdomo ukawa wote kidonda, shingo nyeusi, mate yamekauka, chakula hakina ladha. Uji wa mchele ulikuwa unamliza. Lakini akamaliza. Kidonda kikafunga. Tukarudi nyumbani na boti ya jioni, yeye amekaa dirishani na chupa yake ya maji, maana mate hayakurudi kama zamani na chupa ile haimwachi hadi leo. Tulisoma maulidi nyumbani. Tukaalika watu. Tukasema imekwisha.

Hapa ndipo panapotuuma.

Daktari alituambia kwamba saratani za kichwa na shingo, zikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka miwili ya mwanzo, na kwa sababu hiyo kliniki katika miaka hiyo huwa za karibu karibu. Tukaenda ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne iliangukia Shaaban. Na nyinyi mnaijua Shaaban ya duka letu: kila mtu anataka kuolewa kabla ya Ramadhani. Tulikuwa na magauni kumi na moja mezani na fundi mmoja amejifungua. Tukampigia muuguzi, tukaahirisha. Tukasema baada ya Idi.

Katikati ya hapo sikio lake la kushoto likaanza kuuma. Akaenda kwenye zahanati moja ya karibu, akapewa matone na vidonge. Akarudi tena, akapewa vingine. Mara ya tatu hivyo hivyo. Hakuna aliyemwambia afungue mdomo, na sisi tuliokwenda naye hatukusema "mama huyu alipigwa mionzi ya ulimi." Tuliona sikio ni sikio na ulimi ni ulimi. Kumbe mishipa ya fahamu ya ulimi na koo inaungana na ya sikio, na ugonjwa ulioko chini hupiga hodi juu. Maumivu ya sikio upande ule ule wa saratani, na tundu la sikio likaangaliwa likaonekana safi, hiyo ni dalili. Nyingine ni uvimbe shingoni, mdomo kuanza kukataa kufunguka, kumeza kuwa kugumu tena baada ya kuwa kumesharahisika, na uzito kupungua. Baada ya Idi mdomo wake ulikuwa unaingia vidole viwili tu, na zamani vilikuwa vinaingia vitatu.

Dalili hizi pia zinaweza kuwa makovu ya mionzi tu, bila ya saratani. Nyama iliyopigwa mionzi hukakamaa, na picha zikipigwa mapema mno baada ya matibabu, uvimbe wa mionzi na uvimbe wa ugonjwa hufanana. Kwa hiyo wakapiga picha, halafu wakachukua kinyama tena. Siku kumi za kungoja jibu. Zile siku kumi tulishona gauni moja mara tatu, tunakosea tunafumua.

Imerudi, daktari akasema. Chini ya kovu, nyuma ya ulimi, na tezi moja shingoni.

Kaka yetu mkubwa alitaka tumfiche. Akatuvuta nje kwenye korido: mwambieni ni vidonda vya mionzi, msimkate tamaa. Tuliporudi ndani Mama alikuwa anafunga buibui lake. Akasema, "Mimi nimewafundisha wasichana wangapi kusoma uso wa mwanamme asiyetaka kusema ukweli? Kaa kitako, mwanangu."

Sasa tuwaelezeni tulichoelezwa, kwa sababu sisi tuliingia chumba kile hatujui kitu na tulitamani mtu angelitutangulia kutueleza.

Swali letu la kwanza lilikuwa la kila mtu: si mumpige mionzi tena? Ilifanya kazi mara ya kwanza. Daktari, dada mmoja mwenye subira kubwa, akatwambia mwili una daftari la mionzi. Uti wa mgongo, mfupa wa taya, mishipa mikubwa ya damu ya shingo, vyote vinakumbuka walichopokea, na havisahau vizuri. Kurudia inawezekana kwa baadhi ya watu, hasa kama muda mrefu umepita na uvimbe ni mdogo, na kwa mashine zinazoweza kuikata mionzi kwa umbo la uvimbe. Lakini hatari yake ni kubwa: mfupa kufa, koo kuziba, na mshipa mkubwa wa shingo kuchanika. Kwa Mama, ulikuwa umepita mwaka mmoja na miezi miwili tu.

Upasuaji: huo ndio wenye nafasi kubwa zaidi ya kuiondoa, kwa mgonjwa ambaye uvimbe unafikika na ana nguvu za kuhimili. Si ahadi. Hata wakikata vizuri, kwa wengi hurudi tena. Wangekata sehemu kubwa ya ulimi, kipande cha taya, na tezi za shingo upande ule.

Dawa za mshipani: zinaweza kuurudisha uvimbe nyuma kwa muda, kupunguza maumivu, kuongeza miezi. Peke yake haziponyi ugonjwa huu ukisharudi. Halafu zipo dawa mpya, zile zinazoamsha kinga ya mwili mwenyewe ipigane. Mbili kati yao, nivolumabu na pembrolizumabu, ziliruhusiwa Marekani mwaka 2016 kwa saratani kama hii hii iliyorudi. Kaka alikuwa ameshazisoma kwenye simu na akataka tuuze nyumba. Daktari akamwambia ukweli: ukichukua wagonjwa kumi, mmoja au wawili ndio ambao uvimbe wao unanywea, na hao wengine wakibahatika kwelikweli, hukaa muda mrefu. Lakini bei ni ya kila wiki chache na haina mwisho unaojulikana. Nyumba ingeliwa na sindano chache, na Mama akikaa wapi?

Na njia ya mwisho, ambayo alisema si ya kukata tamaa: kutuliza. Maumivu, kidonda, kula, kupumua, usingizi. Hiyo akasema inaanza leo, njia yoyote mtakayochagua.

Mama alisikiliza yote. Akauliza neno moja. "Nitasema?"

Dada yule hakumdanganya. Akasema sauti itakuwepo, kwa sababu sauti inatoka kooni na koo halikatwi. Lakini maneno yanatengenezwa na ulimi. "Wa nyumbani watakuelewa baada ya mazoezi, Mama. Mgeni atapata tabu."

Wapenzi, mwanamke huyu kazi yake ni ulimi. Si cherehani, si singo. Singo kila mtu anaweza kusugua. Biharusi anakuja amekakamaa kwa khofu, Mama anamwambia maneno mawili matatu, mtoto anacheka, mabega yanashuka. Wapo mliotuambia ndoa zenu zimesimama kwa sentensi moja aliyowanong'oneza. Shangazi yetu alilia na kusema bora afe na ulimi wake. Tulimchukia siku ile. Lakini usiku mmoja wetu alimwambia mwenzake gizani, "na kama shangazi ana haki?" na mwenzake hakujibu.

Mama aliomba usiku mmoja. Akaswali istikhara kwenye chumba cha shangazi, kwenye mswala uliopishana na cherehani bovu. Asubuhi akatwambia: "Nitakatwa. Lakini si kabla ya kumaliza maneno yangu."

Tarehe ya upasuaji ilikuwa baada ya wiki tatu kasoro, foleni ilikuwa ndefu. Tukarudi naye Unguja. Kila siku baada ya alasiri tulimkalisha kwenye chumba chetu cha kujaribia nguo, magauni yamening'inia pande zote, yananyonya mwangwi, tukaweka simu juu ya mto wa pini. Akawa anasema. Sehemu ishirini na tatu tulirekodi. Yale ya ndani hatuyaandiki hapa, yana mahala pake na wenyewe. Lakini yamo mengine. Namna ya kumwamkia mama mkwe siku mnayogombana. Kwamba pesa yako ya mkono wako usiitaje hesabu yake wiki ya kwanza. Namna ya kukataa kwa adabu. Kwa nini asumini huvunwa jioni. Anasimama, anakunywa maji, anashika shavu, anaendelea. Siku nyingine maumivu yalikuwa makali na maneno yanateleza, tunamwambia Mama pumzika, anatupa jicho.

Morfini ilianza wakati huo. Ya maji, kijiko kwa saa. Jirani mmoja akaja kutunong'oneza kwamba ni dawa ya kulevya, haramu, na akishaanza hataacha. Ustadhi wetu tulimuuliza. Akasema dawa iliyotolewa na daktari kwa maumivu ya kweli ni dawa. Na daktari akatueleza kuwa mwenye maumivu ya saratani akipewa kwa kipimo chake kwa kawaida halevyi, na ni nadra kugeuka mteja. Kitu kimoja tu ambacho hakuna jirani aliyetuonya: inafunga choo. Ombeni dawa ya kulainisha choo siku ile ile ya kwanza, msingoje siku ya tano kama sisi.

Kuhusu kliniki tuliyoiahirisha, tulimwambia tukiwa ndani ya boti, katikati ya bahari, kwa sababu hakuna pa kukimbilia. Tulimwambia, Mama, tulichagua magauni. Akatazama maji kitambo. Akasema, "Kliniki ilikuwa yangu, magauni yalikuwa yenu. Mimi nilikuwa najua njia ya bandarini." Daktari naye tulimuuliza ingelikuwa vipi tungelikwenda. Akasema hawezi kujua. Hatujapata jibu zaidi ya hilo, na tumeacha kuliuliza kwa sauti.

Pesa zilitoka kwenye mchezo, dhahabu ya mmoja wetu, na kaka akauza vespa. Tuliwahi kufikiria India, wengi huku kwetu ndiko wanakokimbilia, na kaka alishaanza kupiga simu. Lakini nauli na makaazi ya watu wawili peke yake yalikuwa yanatosha nusu ya yote, na ulipatikana upasuaji huo huo Dar.

Daktari wa upasuaji tulimwelewa kuliko daktari mwengine yeyote, kwa sababu alizungumza ushonaji bila ya kujua. Alisema nyama iliyopigwa mionzi inaonekana nzima lakini haishiki uzi. Tukatazamana. Hiyo sisi tunaijua. Ni satini iliyounguzwa na pasi: kwa macho huoni kitu, ukiishona inaachia pembeni ya mshono. Kwa hiyo hatoivuta ngozi ya pale pale, alisema. Ataleta nyama mpya kutoka kifuani, na mshipa wake wa damu haukatwi, unapitishwa chini ya ngozi hadi shingoni, ili kiraka kije na damu yake mwenyewe. Mmoja wetu akamuuliza kama ataacha nafasi ya kutosha, maana kitambaa kizee hunywea. Akacheka, akasema ataacha.

Alitueleza pia kuhusu mshipa mkubwa wa shingo. Ukishapita mionzi, halafu upasuaji, halafu mate yakavujia juu yake, unaweza kupasuka. Usiku ule tulikaa kwenye simu kutafuta na ndipo tulipokutana na Roger Ebert. Alikuwa mhakiki wa filamu wa Chicago, mtu wa televisheni, mtu wa kusema. Alipata saratani ya tezi ya mate, akapigwa mionzi mwaka 2003. Mwaka 2006 ikaonekana kwenye taya, wakalikata. Siku anajiandaa kutoka hospitali, mshipa wake wa shingo ukapasuka. Aliokoka kwa sababu alikuwa bado hajatoka mlangoni, akisikiliza nyimbo. Walijaribu mara kadhaa kumtengenezea taya jipya, haikukubali. Hakusema tena wala kula kwa mdomo. Lakini aliandika, kila siku, na alisimama mbele ya watu na kompyuta ikasema badala yake, mkewe pembeni. Aliishi hadi 2013. Tulimwonyesha Mama picha yake, bila taya la chini, anatabasamu. Alimtazama kwa muda mrefu. "Mkewe ana nguo nzuri," akasema. Mama ndivyo alivyo.

Saa tisa ndani ya chumba. Hatutaki kuzieleza.

Alitoka na tundu la kupumulia shingoni na mrija puani. Siku ya nane mate yakaanza kuvuja kwenye mshono wa shingo, kile alichotuonya. Ikawa kufunga bandeji kutwa mara mbili, wiki baada ya wiki, na kila tukiona doa jekundu mioyo inasimama. Tulipewa maagizo: taulo nyeusi kitandani, na ikimwagika kweli, kandamiza kwa nguvu kwa mkono, piga kelele, usiachie. Haikumwagika, alhamdulillah. Tundu lilifunga lenyewe wiki ya saba.

Swala hakuacha. Alitawadha kwa kupaka maji juu ya bandeji, siku nyingine akatayamamu kitandani. Alichokuwa akiogopa ni kusoma. Ustadhi alimwambia atamke anachoweza kama anavyoweza. Ramadhani ile hakufunga, na mrija ule hata angetaka isingewezekana, tukamtolea fidia, akalia, si kwa maumivu.

Na hapo ufundi wetu ulipata kazi. Mitandio ya dukani yote ilikuwa mibaya kwake. Satini inagandana na tundu mtu akivuta pumzi. Shifoni inatoa nyuzi, na uzi ukivutwa ndani ni kukohoa hadi macho kutoka. Tukamshonea ushungi wa pamba laini, mapande mawili, pindo zote zimekunjwa ndani na kupigwa mshono mara mbili, na mbele kipande kinachoshuka kidogo bila ya kubana, kinachuja vumbi na kuipasha hewa joto. Baadaye mrija wa puani ukatolewa, akawekewa wa tumboni, maana kumeza kulichukua muda. Tukamtobolea madera yake ubavuni, uwazi wa kiganja wenye vifungo vya kubana, ili alishwe kwa sirinji bila ya kuvuliwa. Bokoboko lililosagwa kwenye blenda, likachujwa. Wagonjwa wengine wawili waliomwona kliniki walituagiza. Hatukuwatoza.

Miezi minne baadaye akawa anahisi baridi Zanzibar, mwezi wa pili, jamani! Amejifunika blanketi sisi tunapepea. Hataki kuamka, uso umevimba. Tulidhani ni huzuni, au imerudi tena. Kipimo cha damu kikaonyesha tezi ya shingo imechoka, jambo la kawaida kwa waliopigwa mionzi ya shingo. Kidonge kimoja kila asubuhi, na baada ya wiki kadhaa akaanza tena kutukosoa pindo. Ombeni kipimo hicho, wengi hawaambiwi.

Mdogo wetu wa mwisho aliolewa mwezi wa sita. Mama mwenyewe alimsugua singo, kuanzia mabega hadi nyayo, bila ya neno, na simu iko juu ya mto wa pini inasema kwa sauti yake ya zamani. Ukumbini watu walimtazama shavu lake lililoingia ndani, na kuna mwanamke alisema kwa sauti ya kusikika, "masikini." Mama alikuwa amevaa gauni la zambarau lenye shanga za mkono, kazi ya siku kumi na tisa. Alimtazama yule mwanamke kuanzia miguu hadi kichwa, mara moja, taratibu. Yule alihama meza.

Sasa anasema. Sisi tunamwelewa karibu yote, wajukuu wote kabisa, wateja nusu. Herufi za ulimi zimempotea, "r" na "l" na "t" zote ni kitu kimoja. Kidaftari kiko mfukoni. Anakula laini: ndizi za kupondwa, samaki aliyechambuliwa, uji. Tambuu hataki kuiona, lakini kijaluba hajakitoa, anawekea pini.

Wiki iliyopita picha imeonyesha doa dogo upande wa kulia. Linaweza kuwa kovu. Wamechukua kinyama. Jibu ni Alhamisi, na tiketi za boti ya asubuhi tumeshakata, tatu. Duka litafungwa Alhamisi na Ijumaa, wenye magauni ya wiki hiyo tuwieni radhi, tumewapigia.

Jana alikuja biharusi wa Fuoni, mtoto wa mteja wetu wa zamani. Tukatandika mkeka, tukawasha udi, tukaweka sehemu ya saba, ile ya mume anapokuwa na hasira. Sauti ya Mama ikajaa chumba, na Mama mwenyewe amekaa kitako anachanganya singo. Ikafika pahala anaposema mwanamke anyamaze tu hadi hasira zipite. Mama akaacha kusugua. Akajifuta mikono kwa kanga, akabonyeza simu ikanyamaza, akatoa kidaftari, akaandika kwa muda, akampa yule mtoto asome.

Tulichungulia. Ameandika: "Hapo nilikosea. Sema. Lakini kaa karibu na mlango."